Paspoti Iliyokaa Eda

Wanawake wa Ibra, huku Oman, mpaka leo wananisifu kwa eda yangu. Mwezi uliopita, katika matanga ya mavyaa wangu Bi Zuwena, mmoja wao alinishika mkono akawaambia wasichana waliokaa karibu nasi kwamba wakitaka kujua mwanamke anavyokaa eda, wamuulize Rayya: miezi minne na siku kumi hakupaka wanja, hakugusa udi wala mafuta mazuri, hakuchungulia hata dirishani. Wasichana wakanitazama kwa adabu huku wanaficha simu zao chini ya mitandio. Mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu yote aliyoyasema ni kweli, nilishika masharti yote. Sasa nimepindukia miaka hamsini, nimesomesha skuli za Nizwa mpaka nimestaafu, na kila ninaposifiwa kwa mwaka ule namkumbuka mtu mmoja ambaye hakuna anayeniuliza habari zake. Katika matanga yale hakuna hata aliyelitaja jina lake, ingawa kwa miaka miwili na zaidi aliwapikia wote kahawa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndoa yangu ina miezi minane, gari ya mume wangu Khalfan ilipogonga ngamia kwenye njia ya Sinaw. Walimzika kabla ya alasiri. Mimi nikavishwa nguo nyeupe nikaingizwa chumba cha mwisho cha nyumba ya Bi Zuwena, ambacho ndicho kilichokuwa chumba chetu, na mlango ukarudishwa. Chumba kile nakijua kuliko chumba chochote nilicholala maishani mwangu. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na nafasi iliyobaki baina yake mtu mzima hapiti ila kwa ubavu. Kiyoyozi kilikuwa kikikoroma, halafu kinanyamaza, na kikinyamaza unasikia kila kitu: vikombe vya kahawa majlisi, mbuzi wa jirani, Bi Zuwena akilalamikia chumvi ya mchuzi. Kioo cha kabati kilifunikwa kanga. Juu ya kabati palikuwa na mkoba mweusi wa Khalfan, wa kufungwa kwa ufunguo, maana yeye ndiye aliyekuwa akishughulikia karatasi za nyumba nzima: hati za mashamba, kadi za magari, na paspoti ya mtumishi. Ufunguo nilipewa mimi, pamoja na saa yake na miwani yake. Siku za mwanzo chumba kilijaa wanawake, lakini kila mmoja ana nyumba yake na watoto wake, na baada ya wiki mbili nilibaki mimi na kuta.

Aliyekuwa akiingia kila siku ni Marni. Huyu ndiye mtumishi, mwanamke wa Java, mwenye umri wa kunizidi mimi kama miaka kumi na mbili, mfupi, mwepesi, na nyayo zake hazisikiki. Bi Zuwena alikuwa amemfundisha Kiswahili cha jikoni, akakichanganya na Kiarabu cha dukani, na sisi tukamzoea. Aliniita Mbak, yaani dada, kwa sababu kwao hata mdogo akiheshimiwa huitwa dada. Asubuhi alikuja kufagia na kufuta vumbi, na adhuhuri, Bi Zuwena akiwa amejinyoosha, alirudi na kikapu cha nguo za kukunja, akaketi chini karibu na mlango. Saa ile ndiyo niliyokuwa nikiishi. Saa nyengine zote nilikuwa nikizingoja zipite.

Alinihadithia kwao. Nilimuuliza mwenyewe, kwa uchoshi, na yeye alikuwa na mengi. Kwao mtu hapiti mbele ya mkubwa wake wima; anainama, anaushusha mkono wa kulia mbele yake, anaomba radhi kwa sauti ndogo, ndipo anapita. Marni alikuwa akifanya hivyo kila akipita mbele ya Bi Zuwena na sinia, na mavyaa wangu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema huyu kalelewa. Kwao msichana akikaa kwenye kizingiti cha mlango wachumba wanageuza njia, na mtu akikalia mto anaota majipu. Akizaliwa mtoto, kondo la nyuma linaoshwa, linatiwa chunguni pamoja na chumvi na sindano na uzi, linazikwa karibu na mlango, na taa inawekwa juu yake kwa siku nyingi, kwa sababu ni ndugu wa mtoto na yeye asiachwe gizani. Nilipomhadithia Bi Zuwena hilo la kizingiti na la mto, alisema mbona ndivyo tulivyoambiwa Unguja, huyo Marni katoka Java au katoka Malindi. La kondo sikumwambia. Nasser, shemeji yangu, alikuwa mtu wa kuona uchawi hata katika mafuta ya nazi.

Na chakula pia. Marni alikuwa na jiwe lake pana la kusagia, alilokuja nalo kwenye sanduku badala ya nguo, na juu yake alisaga pilipili na kitunguu na dagaa wakavu wa Sur mpaka nyumba nzima inapiga chafya. Alinitilia kidogo pembeni ya wali wangu, kwa siri, kwani Bi Zuwena aliona pilipili haimfai mjane. Nilipoumwa, mwezi wa pili, mwili unaniuma wote na sitaki kula, alisema upepo umeniingia. Akanilaza kifudifudi, akanipaka mafuta ya minti, akachukua sarafu ya baisa, ya shaba, akanikwaruza mgongo kutoka uti kwenda mbavuni, mstari baada ya mstari, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Niliona uchungu, halafu nikalala usingizi ambao sikuupata tangu msiba. Bi Zuwena alipoiona mistari ile alishituka akataka kujua nani kanipiga. Akaelezwa, na siku ya tatu nikamsikia jikoni akimwambia Marni kwamba na yeye mgongo unamuuma.

Alikuwapo pia Lina, muuguzi wa Kifilipino aliyepanga chumba kwa jirani, ambaye alikuja kumfunga Bi Zuwena kidonda cha mguu, kwa ujirani tu. Lina hakuwa Muislamu, lakini alipoingia kwangu mara ya kwanza alivua viatu bila ya kuambiwa, akaniuliza kwa Kiarabu chake kama siku ya tisa ya marehemu tumeifanya. Kwao wanaomba siku tisa, halafu siku ya arubaini. Na mtu akitoka nyumba ya msiba haendi kwake moja kwa moja, lazima apite pahala pengine kwanza, ili mauti yasimfuate. Kwa hivyo miezi yote ile, kila akitoka kwetu, Lina alipita duka la pembeni akanunua soda, na mwenye duka akadhani anampenda. Nilicheka niliposikia, kicheko changu cha mwanzo ndani ya nguo nyeupe, nikaiziba midomo yangu kwa mkono ili kisifike majlisi.

Katika hadithi zote za Marni, moja ndiyo aliyoirudia. Kwao maiti hasahauliwi baada ya matanga. Anasomewa siku ya tatu, ya saba, ya arubaini, ya mia, kisha mwaka wa kwanza na wa pili, na mwisho siku ya elfu. Siku ya elfu ndiyo kubwa. Mpaka siku hiyo kaburi lina vibao vya mti tu, na mti unaoza. Siku hiyo ndipo watoto wake wanapoliwekea mawe, wanachinja mbuzi wakiweza, wanapika wali wakausimamisha mfano wa pia, ncha juu, na vikeki vya unga wa mchele na nazi ambavyo vinapikwa kwa kumuombea maiti msamaha. Tangu hapo maiti kaondoka kweli, na anayebaki kabaki. Mama yake Marni alikufa miezi mitano kabla ya yeye kuja Oman, na yeye ndiye mtoto wake pekee. Aliukubali mkataba wa miaka miwili kwa sababu aliuhesabu: miaka miwili, kisha anarudi, na bado ana karibu miezi minne kabla ya siku ya elfu. Khalfan alikuwa amemuahidi tikiti mkataba ukiisha. Uliisha wiki ile ile tuliyomzika Khalfan.

Nasser alikuja kusimama nyuma ya mlango wangu wiki ya tatu. Yeye si maharimu yangu, kwa hivyo tulizungumza mlango ukiwa umefungwa, mimi nikiutazama mti wake na misumari yake. Aliuliza, "Rayya, paspoti ya shaghala unayo?"

Nikamwambia ipo, imo mkobani.

"Zein. Iache hapo hapo. Karatasi zote za marehemu ni mirathi, khalas, hakiguswi kitu mpaka tugawe. Kafala yake nitaihamishia kwangu, mimi niwe mdhamini wake, insha'Allah, baada ya eda yako."

Nilisema sawa. Ndivyo ilivyokuwa nyumba zetu, na sitaki kujifanya kwamba niliona ajabu. Mashamba yalikuwa yakingoja, magari yakingoja, na mimi nikingoja, basi na karatasi ya Marni nayo ingoje. Paspoti ya mtu aliye hai, anayepika mchuzi wetu jikoni, ilitiwa katika mali ya maiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyesita.

Marni aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa adhuhuri, anakunja shuka, na hakuniangalia usoni. "Mbak, karatasi yangu baba Khalfan weka wapi?"

Mkoba ulikuwa juu ya kichwa chake. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Ningeliweza kumwambia imo mle, lakini Nasser kanikataza, mngoje Nasser. Huo ungelikuwa ukweli, na yeye angelijua pa kugonga. Nikasema, "Sijui, Marni. Marehemu ndiye aliyejua."

"Inggih," alisema, ambayo kwao ni ndiyo ya adabu, akaendelea kukunja.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini, na jibu sikulitafuta mbali, nililijua siku ile ile. Sikumuogopa Nasser kiasi hicho. Niliogopa adhuhuri bila ya Marni. Niliona akiondoka nitabaki na ukuta wa jirani na mkoromo wa kiyoyozi na siku mia, na nikaamua, kwa moyo mkavu, kwamba kama mimi nimefungwa basi na yeye afungwe pamoja nami. Nikajifunika dini: mjane hagusi mali isiyogawiwa. Hata kwa Lina nilijifunika hiyo hiyo. Alikuja siku moja baada ya kumfunga Bi Zuwena mguu, akaniambia kwa upole kwamba Marni analia akioga, na kama najua chochote kuhusu karatasi zake. Nikamsomea habari ya mirathi kwa Kiarabu kizuri, na yeye maskini akadhani ni sharia asiyoijua, akaniomba radhi. Nilimwambia pia amshauri Marni asimsumbue Bi Zuwena kwa jambo hilo, mama ana sukari na huzuni, atakasirika. Akaenda kununua soda yake.

Marni hakuuliza tena, na mimi nikaona ameridhika. Hadithi ziliendelea, zikanoga. Alinieleza jinsi kwao wanavyozihesabu siku kwa wiki mbili zinazokwenda sambamba, moja ya siku saba kama yetu na moja ya siku tano, mpaka akaijua siku ya elfu ya mama yake kuwa ni Jumatatu. Alinieleza mawe ya kaburi yanatoka wapi, nani huyachonga, watu wangapi huyabeba. Alinieleza vibao vya mti vya kaburi la mama yake, kwamba mvua za kwao ni nyingi, na jirani kamuandikia kuwa kimoja kimeshaanguka. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikila tende, nikiuliza hili na lile, nikifurahi kupata kitu cha kufikiria. Sikufahamu kwamba mtu wa kule haombi kwa kunyoosha mkono. Anaomba kwa kukuhadithia, na anakuachia wewe heshima ya kutoa kabla hujaombwa. Alikuwa akiniomba kila siku, adhuhuri baada ya adhuhuri, na mimi nikimwambia ehe, endelea.

Jumatatu ile ilifika ikiwa nimebakisha siku kumi kutoka eda. Marni alimuomba Bi Zuwena ruhusa ya kupika chakula cha kumsomea mama yake, na Bi Zuwena akadhani ni khitma kama zetu, akakubali. Aliileta sinia chumbani kwangu ili na mimi niwemo. Wali wa manjano ulisimama katikati, ncha yake juu, umezungukwa na mayai na maharage mabichi, na pembeni vimepangwa vikeki vyeupe vyenye matundu. Bi Zuwena alikimega kimoja akakitia mdomoni, akasema, "Hivi si vibibi vyetu vya Unguja hivi?" Tukasoma Yasini, sisi watatu. Marni alisoma vizuri kuliko mimi. Alipomaliza alikaa na mikono yake mapajani, na Bi Zuwena akamuuliza mama alikufa lini, na kwa nini leo.

Alimueleza kwa Kiswahili chake kile kile, siku ya elfu, mawe, vibao, mtoto pekee. Hakumtaja mtu. Bi Zuwena aliacha kutafuna. Kisha akasema, "Mimi mama yangu nimemuwacha Unguja. Nilitoka na mtoto mgongoni, na kaburi la mama yangu sijui leo limejengewa nini juu yake. Wewe ulikuwa na nafasi ya kwenda. Mbona hukunambia, mwanangu? Ningelimwambia Nasser siku ile ile, na angelifanya."

Marni alisema alifahamu kwamba mama ana huzuni, asisumbuliwe. Na Bi Zuwena, ambaye hakujua neno hilo limetoka wapi, alisema nani mjinga aliyekwambia hayo. Halafu akanigeukia mimi. "Rayya, paspoti yake iko wapi?"

Nilitazama wali. Nikasema labda imo katika vitu vya Khalfan, nitaitafuta. Na kabla sijainuka, kabla sijataja mkoba wala kabati, Marni alisimama, akainama alipopita mbele ya Bi Zuwena, akaburura kiti mpaka kwenye kabati, akapanda, akauteremsha mkoba mweusi kwa mikono miwili akauweka mbele yangu. Mkoba haukuwa na chembe ya vumbi. Juu ya kabati kila kitu chengine kilikuwa na vumbi la Ibra, lile jekundu linalopita hata mlango uliofungwa, lakini mkoba aliufuta kila asubuhi kwa miezi minne. Nikatoa ufunguo chini ya mto, naye akatazama pembeni ili asinione ninapoutoa.

Bi Zuwena aliutazama ufunguo, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mzee, si mpumbavu, na mpaka anakufa hakuniuliza, jambo ambalo limekuwa zito kwangu kuliko kama angeliuliza. Alimwita Nasser, wakazozana majlisi, nikasikia arubaini na elfu hizi ni bidaa, uzushi katika dini, nikasikia Bi Zuwena akimwambia bidaa ni kumfunga mtoto wa watu. Tikiti ilipatikana ya wiki ya pili yake, siku tatu baada ya mimi kutoka eda. Mawe yangeliwekwa yakiwa yamechelewa. Nilimuuliza Marni kama kuchelewa kunafaa. Alifikiri, akasema labda mama atangoja.

Siku ya safari nilikuwa nimeshaoga, nimevaa nguo ya rangi, nimetiwa hina, na nilisimama kwenye ua wa nyumba, jua linanichoma macho yaliyozoea kivuli. Nasser alikuwa amekaa garini, injini inawaka. Kwao mtu haondoki mpaka ameomba radhi kwa makosa yake, ya nje yanayoonekana na ya ndani yasiyoonekana, na anayeombwa naye huomba, maana hakuna asiye na lake. Marni alipiga magoti kwa Bi Zuwena, akaushika mkono wake akauweka kwenye paji la uso, akaomba. Bi Zuwena alimuinua akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu, na wewe unisamehe mimi, tumekuweka ukachelewa." Wakalia wote wawili.

Kisha alikuja kwangu. Nilitaka kumzuia asipige magoti lakini alishafika chini. Aliuchukua mkono wangu wenye hina, akauweka kwenye paji la uso wake, akaomba nimsamehe yote aliyonikosea, anayoyajua na asiyoyajua. Akangoja. Paji lake lilikuwa na jasho, na aliendelea kungoja hata baada ya Nasser kupiga honi, mkono wangu bado uko pale pale, na mimi maneno nilikuwa nayo, nimetoka kuyasikia hatua mbili tu kutoka nilipo.

Nikamwambia, "Nimekusamehe."